Petroli haipunguzi rangi ya modeli, inayeyusha modeli

"Petroli ama thina, ipi inapunguza rangi ya modeli vizuri zaidi?" Naulizwa hapa Butali, naulizwa na vijana wa Malava, naulizwa hata na walimu wanaosimamia kazi za mikono shuleni. Swali lenyewe limekwenda upogo, kwa sababu linadhani moja kati ya hizo mbili inafaa. Hakuna inayofaa. Modeli ya plastiki, iwe kifaru, ndege au askari, haiguswi na petroli, wala thina ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi, wala asetoni ya kuondolea rangi ya kucha.

Karibu seti zote za Airfix, Tamiya, Italeri na Revell zimetengenezwa kwa polistirini. Ndiyo plastiki ileile ya povu jeupe linalokuja na televisheni mpya kwenye katoni. Tofauti ni kwamba povu limejazwa hewa. Asiyeniamini achukue kipande cha povu hilo, akiweke uwanjani mbali na moto, akidondoshee petroli. Kitanywea mbele ya macho yake na kubaki ute unaonata. Petroli ina toluini, zailini na benzini ndani yake, na kemikali hizo huyeyusha polistirini. Modeli yako nayo huyeyuka, ila kwa kuwa ni ngumu na haina hewa, huchukua muda.

Muda huo ndio unaowadanganya watu. Kijana anapaka leo, anaona rangi imelala vizuri, kesho anawaambia wenzake kwamba dawa imepatikana. Siku zinapopita, uso wa plastiki unapasuka nyufa nyembamba kama nywele, mtutu wa bunduki unapinda, na kipande kilichokuwa imara kinavunjika kikiguswa tu. Hapo analaumu rangi, au analaumu kiwanda kilichotengeneza seti.

Kiini cha imani hii ni kwamba plastiki lazima "ing'atwe" ndipo rangi ishike. Imetoka kwa mafundi wa rangi za magari, na kwao ni sahihi kabisa kutumia thina, kwa kuwa wanapaka chuma, na thina haiwezi kuyeyusha chuma. Aliyehamisha ushauri huo kutoka kwenye mlango wa matatu hadi kwenye askari wa sentimita tano hakujiuliza anapaka juu ya nini. Rangi hukataa kushika plastiki kwa sababu ya mafuta: mafuta ya kiwandani yanayosaidia vipande kutoka kwenye kalibu, na mafuta ya vidole vyako. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kisha uache vipande vikauke vyenyewe. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini watu wanairuka na kukimbilia kituo cha mafuta.

Wengine wanasema petroli inafanya rangi iwe laini, isiache mistari ya brashi. Lakini ulaini huo unakuja pamoja na plastiki iliyoanza kuyeyuka chini ya rangi. Wengine wananijibu kwamba Wajapani hutumia rangi za laka zenye harufu kali, kama Mr. Color, na modeli zao haziharibiki. Ni kweli, lakini laka hizo zimetengenezwa kwa ajili ya polistirini na kwa kawaida hupulizwa kwa tabaka nyembamba, hivyo kiyeyushi kinaruka kabla ya kuzama. Thina ya duka la vifaa vya ujenzi imechanganywa kwa ajili ya chuma na mbao, na mara nyingi chupa haisemi ndani mna nini. Hata gundi nyepesi ya Tamiya ina asetoni, na inaunganisha vipande kwa sababu inayeyusha kingo zake zikashikana. Kwenye ungio unatia kiasi kidogo tu, na unataka plastiki iyeyuke. Kupaka kiyeyushi cha aina hiyo usoni mwa askari ni jambo jingine kabisa.

Hasara yake naiona kubwa kuliko bei ya seti. Vijana wengi hapa wanataka kutengeneza askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waafrika chini ya Waingereza, wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw kule Burma katika mvua za 1944 hadi wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Ni hamu njema, nami nataka kuona diorama nyingi za namna hiyo. Lakini seti za askari hao ni adimu, kwa hiyo unabadilisha askari wa Kiingereza kwa kisu, pati na rangi, na ukweli wote unakaa katika vitu vidogo: ukingo wa kofia, mikunjo ya shati, alama ya divisheni yao, kichwa cha mnyama kifaru, ambayo kwa skeli ya 1/35 haifiki hata milimita chache. Hivyo ndivyo vinavyoyeyuka kwanza. Baada ya petroli unabaki na kinyago kisichofanana na mtu yeyote aliyewahi kupigana popote.

Povu nalo lina mkasa wake. Mtu anachonga mlima wa Chetambe, hapo juu Webuye, aonyeshe Wabukusu wakiilinda ngome yao mwaka 1895. Anamaliza handaki na mteremko, kisha anapuliza rangi ya kopo. Mlima unaliwa mashimo palepale, kwa sababu kopo lina viyeyushi vya jamii ileile.

Tena kuna uhai. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi ufikie jiko au koroboi, na nyumba inawaka. Benzini iliyomo husababisha saratani ya damu. Mzazi asimwachie mtoto chupa ya petroli mezani kwa jina la kazi ya shule.

Sasa fanya hivi. Nunua rangi ya akriliki na uipunguze kwa matone ya maji safi. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Kama una rangi ya mafuta ya Humbrol, tumia waiti spiriti, kidogo, dirisha likiwa wazi. Praima iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya modeli za plastiki. Povu lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, au rangi ya maji ya ukutani, hadi lisionekane popote, na hata hivyo liendelee kupakwa rangi za maji tu. Udongo wa diorama uchekeche kwa soksi nyembamba ya kike, kwani punje ya milimita moja kwa 1/35 ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Chuma cha bunduki kipake rangi nyeusi, kisha kisugue na unga wa penseli ya 4B. Akriliki iliyoharibika itoe kwa spiriti ya isopropili. Modeli iliyokwisha kulainika iache bila kuigusa kwa wiki nzima hadi igande, ndipo uisugue kwa msasa laini wenye maji na kuziba kwa pati.

Na chupa yoyote mpya, hata kama imesifiwa na nani, ipake kwanza kwenye kijiti cha fremu kilichobaki baada ya kukata vipande. Ngoja siku nzima. Kijiti kikinata, kikipinda au kikiwa na nyufa, chupa hiyo irudi kwa fundi wa magari.