MUME NA MKE SAFARINI: DAWA HAINA LIKIZO



Ndugu wasomaji wapendwa, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatoka kidogo nje ya Itilima. Tunakwenda Kisumu, nchini Kenya, halafu tunarudi nyumbani na somo.

Sisi, yaani mwandishi wa ukurasa huu pamoja na mzee wa nyumbani, tuna karibu miaka thelathini ya ndoa. Katika miaka yote hiyo tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa ya msiba, ya harusi au ya kumpeleka mgonjwa Bugando. Kusafiri sisi wawili ili kupumzika tu, hatukuwahi. Safari hii watoto walichanga nauli, wakatuambia: "Nendeni popote, mradi msiende kwenye matanga."

Majirani zetu hapa Lagangabilili walipotuona na mabegi waliuliza, "Mmefiwa na nani?" Tulipojibu kwamba hatukufiwa, tunakwenda kupumzika, walicheka. Mama mmoja wa jumuiya yetu alisema kwamba mambo hayo ni ya vijana na ya Wazungu. Lakini tukisoma Injili ya Marko 6:31 tunaona kwamba Bwana mwenyewe aliwaita mitume wake waende faraghani wapumzike, maana hawakuwa hata na nafasi ya kula. Mama wa Kisukuma anayeamka kabla ya jogoo na kulala wa mwisho, na baba aliyeinamia pamba tangu mvua za kwanza, nao wanahitaji nafasi hiyo.

SAFARI YENYEWE

Tuliondoka Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Tulibadilisha gari Bariadi, kisha Lamadi, tukafuata barabara kuu ya kwenda Sirari kupitia Bunda na Tarime. Sirari tulivuka mpaka kwa miguu, tukaingia Isebania na kupanda matatu. Tulipita Migori, tukapanda milima ya Kisii yenye baridi na mvua, halafu tukateremka kwenye joto la Kisumu. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni.

Kisumu umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunaloliona tukifika Lamadi. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na mwaka 2001 ukapewa hadhi ya jiji. Wenyeji wengi ni Wajaluo. Sato wao humwita ngege, sangara humwita mbuta, na dagaa huwaita omena. Kwa hiyo hata mgeni wa Kisukuma hakosi chakula anachokijua.

Njiani tuliona jambo moja lakini hatukulitilia maanani. Mzee hakugusa maji tangu Bariadi. Tulipompa chupa alisema, "Sina kiu." Tukanyamaza, tukidhani ni uchovu.

ASUBUHI YA JUMAMOSI

Tulikuwa tumepanga kwenda Dunga, kijiji cha wavuvi nje kidogo ya jiji, tukapande mtumbwi. Lakini mzee alipoamka alishika ukingo wa kitanda, akakaa kimya. Kichwa kilikuwa kinamgonga kisogoni na macho yalikuwa mekundu. Mashine yetu ya kupimia presha tulikuwa tumeiacha nyumbani, maana tulisema tunakwenda kupumzika, hatuendi kazini.

Tulikwenda kwenye zahanati ya karibu. Tabibu alipima, akasubiri kidogo, akapima tena: 190 kwa 115. Akauliza kwa upole, "Mzee, dawa umemeza lini mara ya mwisho?" Mzee alitutazama sisi kwanza, halafu akatazama chini. "Jumapili," alisema. Yaani siku sita zilikuwa zimepita. Dawa zenyewe alikuwa ameziacha Lagangabilili, juu ya kabati, pamoja na kadi ya kliniki.

Ndugu wasomaji, sisi tumevaa gwanda la uuguzi miaka mingi. Tumefundisha habari za shinikizo la damu kliniki, kanisani na hata chini ya mwembe. Na mgonjwa wa nyumbani mwetu alikuwa ameacha dawa, wala hatukujua.

Tabibu alimwuliza kama anaumwa kifua, kama anapumua kwa shida, kama macho yanaona ukungu, kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, kama maneno yanamtoka vizuri. Tunashukuru Mungu, hakuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Kwa sababu hiyo hakulazwa. Alipewa tena vidonge vyake vya kila siku, akaambiwa apumzike na arudi jioni. Wengine huuliza kwa nini presha haishushwi mara moja. Mwili uliozoea presha ya juu ukishushiwa ghafla, damu huweza kupungua kwenye ubongo na kumletea mgonjwa madhara makubwa zaidi. Jioni ilikuwa 165 kwa 100, na kichwa kilikuwa kimetulia.

KWA NINI ALIACHA

Mchana ule, chumbani, ndipo tulipozungumza. Mzee ametupa ruhusa kuyaandika haya, maana anasema wako wanaume wengi kama yeye katika parokia zetu.

Sababu ya kwanza ilikuwa njia. Kimoja cha vidonge vyake hupunguza maji mwilini, nacho humfanya akojoe mara kwa mara. Aliona aibu kumwomba dereva asimame kila mara mbele ya abiria. Ndiyo maana hata maji hakunywa.

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Alisema tangu aanze dawa zile nguvu zake za mume zimepungua. Alitaka siku hizi mbili, ambazo watoto walitupa kama zawadi, awe mume kama zamani. Mtu mmoja sokoni alimwambia kwamba akiacha dawa wiki moja nguvu zitarudi.

Tulimwuliza, "Baba, kwa nini hukutuambia?" Akajibu, "Mama, wewe kila jioni unarudi ukiwasema wagonjwa wanaoacha dawa kwamba ni wakaidi. Mimi ningesemaje?"

Jibu hilo lilituumiza, kwa kuwa ni la kweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mtu hufanya siri pale anapoogopa kukaripiwa. Tangu siku hiyo, mgonjwa akituambia kliniki kwamba ameacha dawa, tunamwuliza kwanza sababu, na tunaingoja.

UKWELI KUHUSU DAWA NA TENDO LA NDOA

Shinikizo la damu ni pale vipimo vinapofika 140 kwa 90 au zaidi, tena si kwa kupima mara moja tu. Mara nyingi halina dalili, na mtu hudhani amepona. Likiachwa miaka mingi huharibu mishipa ya damu ya ubongo, moyo, figo na macho. Huharibu pia mishipa midogo inayohusika na tendo la ndoa. Kisukari, sigara na pombe hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo si kila upungufu wa nguvu unaletwa na vidonge. Mara nyingi unaletwa na ugonjwa wenyewe.

Hata hivyo ni kweli kwamba baadhi ya dawa, hasa zile za kupunguza maji mwilini na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, huweza kumpunguzia mwanamume nguvu. Dawa za presha ni za aina nyingi. Daktari akiambiwa anaweza kubadilisha. Asipoambiwa hawezi kujua. Mzee wetu tuliporudi alikwenda kliniki, akaeleza, akabadilishiwa kidonge kimoja.

Jihadharini na dawa za nguvu zinazouzwa stendi na minadani. Nyingine zimechanganywa na dawa kali za hospitali bila kuandikwa. Zikikutana na dawa za maumivu ya moyo huweza kuteremsha presha ghafla, mtu akazimia au akafa.

Na akina mama, tusimcheke mume anayesema jambo hili. Umri ukienda, upendo wa ndoa una njia nyingi: kuongea, kushikana mikono, kulala bila kinyongo.

MKITAKA KUSAFIRI

Hata kama ni siku mbili tu, fanyeni matayarisho haya:

(a) Dawa. Chukueni za siku zote za safari na za siku tatu za ziada, maana gari huharibika. Zikae katika mkoba wa mkononi, si kwenye buti la gari. Chukueni kadi ya kliniki. Andikeni majina halisi ya dawa, si majina ya kibiashara, kwa sababu nchi jirani kidonge hicho hicho huweza kuitwa jina jingine. Sisi tulikumbuka majina kwa sababu ni kazi yetu. Mama mwingine angefanyaje? Wenye kisukari wajikinge na njaa ya njiani. Michembe au matobolwa kidogo mkobani husaidia. Insulini isiachwe juani. Anayetumia dawa za kufubaza virusi asiruke hata siku moja.

(b) Kidonge cha kukojoza. Usikiache. Mwulize muuguzi wako kama siku ya safari unaweza kukimeza baada ya kufika badala ya alfajiri. Na maji yanywe. Kujinyima maji katika joto huleta kizunguzungu na huumiza figo. Kila gari linaposimama, shukeni mnyooshe miguu, maana kukaa saa nyingi bila kutikisika huweza kugandisha damu miguuni.

(c) Karatasi. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria hupatikana Uhamiaji. Mpakani maafisa wa afya huweza kuulizia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, hata kama imeandikwa miaka 10. Mjamzito, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, aongee kwanza na daktari. Kadi ya bima ya hapa msiitegemee ng'ambo. Wekeni akiba ya matibabu kando.

(d) Mbu. Kisumu na kandokando yote ya ziwa ina malaria nyingi kama kwetu. Ulizeni chandarua kabla ya kulipia chumba. Homa ikija baada ya kurudi, hata wiki mbili baadaye, pimeni siku hiyo hiyo.

(e) Ziwa. Msioge wala kukanyaga maji ya ufukweni. Kwenye magugu maji na matete wamo konokono wanaobeba kichocho, na viboko hawako mbali. Kwenye mtumbwi vaeni jaketi la kuokolea.

(f) Chakula. Samaki aliwe moto, ameiva. Kachumbari na matunda yaliyomenywa barabarani yaacheni. Chumvi kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyo ndani ya chakula.

(g) Usiku. Msisafiri usiku. Jumapili tulisali Misa ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, Kibuye, tukaondoka. Giza lilitukuta Bunda, tukalala pale. Nyumbani tulifika Jumatatu.

Dunga tulifika pia, Jumamosi jioni, lakini mtumbwi hatukupanda. Tulikaa kwenye benchi tukitazama wavuvi wakitengeneza nyavu. Tulikaa mpaka giza likaingia, tukiongea mambo ambayo nyumbani, kwa sababu ya ng'ombe, wageni na zamu za usiku, hatukuwahi kuyamaliza. Mzee akimeza kidonge chake siku hizi, anakimeza mbele yetu, na sisi tunamwuliza kinamfanyaje.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika familia yako, nani anatumia dawa kila siku? Je, unajua majina yake?

2. Ni mambo gani yanamfanya mgonjwa aogope kusema ukweli kwa mwenzi wake au kwa muuguzi?

3. Mume na mke wa jumuiya yetu wanaweza kupata wapi siku moja ya kupumzika pamoja, hata bila kusafiri mbali?

Kwa leo tuishie hapa. Mzee anawasalimu, na anawaomba akina baba wakapime presha zao kabla ya mwezi ujao.