Je, Wajua? Vumbi Linavyoidanganya AC ya Lori

AC inayojirekebisha yenyewe hupima joto la kabini kwa sensa ndogo iliyo nyuma ya vitundu vya dashibodi, ambako feni au mrija huivutia hewa. Katika lori linalobeba chisense, dagaa wakavu wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge kwenda Mansa nchini Zambia, vumbi likiziba vitundu hivyo sensa hupima joto la dashibodi yenyewe, lililo juu zaidi. Kompyuta huamini kabini inaungua, ikazidisha baridi hadi dereva atetemeke. Vitundu na chujio la hewa husafishwa kwanza. Baridi isipopungua, husikilizwa mota ya kilango kinachochanganya hewa baridi na ya moto; meno yake yakikatika, hugongagonga. Kukimbilia kujaza gesi ni hasara tupu: gesi ikipungua hutoka hewa vuguvugu, si baridi iliyokithiri.