Michembe

Michembe ni vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Ni chakula cha asili cha Wasukuma na Wanyamwezi nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na Tabora. Chakula hiki hujulikana pia katika mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, ambako iko kata ya Nyasubi. Viazi vinavyochemshwa kwanza kabla ya kuanikwa huitwa matobolwa.

Sababu za kukausha

Katika eneo hili mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kisha hufuata kiangazi kirefu. Kiazi kitamu kina maji mengi, takriban asilimia 70 ya uzito wake, kwa hiyo kikivunwa huoza upesi. Kikiachwa shambani, udongo mkavu hupasuka na fukusi hupitia kwenye nyufa kukifikia. Kukausha ndiyo njia ya kugeuza mavuno ya wiki chache kuwa akiba ya miezi kadhaa, mpaka mazao mapya yapatikane.

Utayarishaji

Kwa michembe, viazi huachwa kwanza vinyauke kidogo, kisha humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa, humenywa, hukatwa na kuanikwa. Sehemu za kuanikia ni mikeka, maturubai, vichanja au majabali, ambayo ni mengi katika nchi ya Usukuma. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na wanawake wakisaidiwa na watoto. Vipande vikinyeshewa kabla ya kukauka huota ukungu. Kilo tatu hadi nne za viazi vibichi hutoa takriban kilo moja ya vipande vikavu.

Matumizi

Michembe huoshwa na kuchemshwa hadi ilainike. Mara nyingi huchanganywa na karanga zilizotwangwa, au huliwa pamoja na maziwa au chai. Matobolwa yameiva tayari, hivyo yanaweza kutafunwa yakiwa makavu. Ndiyo sababu huwafaa wasafiri na wachungaji wa ng'ombe.

Lishe

Michembe ina wanga mwingi lakini protini kidogo. Karanga na maziwa huongeza protini na mafuta, kwa hiyo kuila pamoja navyo si kwa ajili ya ladha tu. Viazi vya rangi ya chungwa vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Sehemu ya beta-karotini hupotea vipande vinapopigwa na jua kali, na nyingine hupotea vinapokaa ghalani kwa muda mrefu. Kuanika kivulini penye upepo hupunguza upotevu huo.

Hifadhi na biashara

Zamani akiba ilitunzwa katika vihenge. Siku hizi magunia hutumika sana. Vipande ambavyo havikukauka vizuri huharibiwa na ukungu, na hata vilivyokauka hutobolewa na wadudu, hivyo hukaguliwa na kuanikwa tena. Michembe na matobolwa huuzwa pia sokoni. Mauzo huipatia familia fedha, lakini inayouza akiba yote mapema huenda ikalazimika kununua chakula mwishoni mwa kiangazi, wakati bei imepanda.

Tazama pia

Kiazi kitamu
Wasukuma
Kahama