Jengo Kongwe na Lugha Yake: Kuhuisha Mifumo ya Usimamizi wa Majengo ya Biashara

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii huelekezwa kwenye malezi na maadili, ilhali picha yake ni ya mjenzi. Makala haya yanairejesha kwa mjenzi. Yanadhamiria kufafanua jinsi mifumo inayosimamia majengo ya biashara inavyochakaa, na kwa nini tiba yake ni suala la lugha sawa na lilivyo suala la mashine.

Jengo la ofisi halikamiliki kwa kuta na ngazi pekee. Ndani yake mna mitambo ya kupoza na kupasha hewa joto, feni, pampu na taa. Mfumo wa usimamizi ndio unaoviunganisha vyote: vitambuzi hupima, vidhibiti huamua, nazo valvu na feni hutekeleza. Asili ya mifumo hii ni ya kitambo. Mnamo mwaka wa 1883, Warren Johnson, mwalimu katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alipata hataza ya kifaa cha umeme cha kuashiria joto la chumba. Mifumo iliyofuata ilitumia hewa iliyoshindiliwa katika mabomba membamba kufungua na kufunga valvu. Mabomba ya aina hiyo yangali yanafanya kazi katika baadhi ya majengo makongwe.

Vidhibiti vya kidijitali vilipoenea katika miaka ya 1980, kulizuka tatizo jipya. Kila kiwanda kilibuni itifaki yake, yaani lugha ambayo vifaa vyake hutumia kuwasiliana. Mwenye jengo aliyenunua vifaa vya kiwanda kimoja alijikuta amefungwa nacho. Kiwanda kikiacha kutengeneza vipuri, hana pa kukimbilia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Isitoshe, tarakilishi zinazoendesha mifumo hiyo huzeeka pia. Programu ya Windows XP, kwa mfano, ilikoma kupata huduma ya kawaida ya mtengenezaji mnamo Aprili 2014. Tarakilishi ya aina hiyo ikiunganishwa na intaneti, huwa mlango usio na komeo.

Suluhisho lilitafutwa katika usanifishaji. Mwaka wa 1987, chama cha wahandisi cha ASHRAE nchini Marekani kilianza kuandaa itifaki ya pamoja, BACnet, iliyochapishwa mwaka wa 1995. Wanaisimujamii wataitambua hali hii: Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ilisanifisha Kiswahili, lakini Kimvita na Kiamu havikutoweka. Vivyo hivyo, vifaa vya zamani huweza kuendelea kutumika kupitia kifaa cha ukalimani kinachotafsiri ujumbe wake. Hata hivyo, mkalimani huyu hutafsiri alichofunzwa tu. Onyo la hitilafu lisilowekwa katika orodha yake halitamfikia mhandisi.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza si kununua bali ni kusajili. Kila kitambuzi, valvu na waya huorodheshwa, na fundi aliyelihudumia jengo kwa miaka mingi husailiwa, kwani mengi ayajuayo hayamo katika mchoro wowote. Pili, vitambuzi vibovu hurekebishwa. Kidhibiti kipya kinachopokea habari za uongo kitaamua uongo. Tatu, vidhibiti hubadilishwa orofa baada ya orofa, ili wapangaji wasisumbuke. Nne, mkataba hubainisha kuwa itifaki ni ya wazi, na kwamba michoro na maneno ya siri ni mali ya mwenye jengo.

Jengo la Empire State jijini New York, lililofunguliwa mwaka wa 1931, ni mfano mwafaka. Katika mradi uliotangazwa mwaka wa 2009, takriban madirisha 6,500 yaliboreshwa humo humo jengoni badala ya kutupwa, na vizuizi vya joto vikawekwa nyuma ya radieta. Mahitaji ya ubaridi yalipopungua, mitambo ya kupoza ilikarabatiwa badala ya kununuliwa mikubwa zaidi, huku vidhibiti vikihuishwa. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 38 na kuokoa dola milioni 4.4 kwa mwaka. Ni dhahiri kuwa mpangilio wa hatua ulikuwa na uzito sawa na vifaa vyenyewe.

Funzo hili linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hujadili kazi yao kwa Kiswahili, ilhali miongozo ya mitambo huandikwa kwa Kiingereza. Fundi anapostaafu, maarifa yaliyosemwa bila kuandikwa huondoka naye, na jengo hubaki bubu mbele ya mwenyewe. Istilahi za vidhibiti, valvu na itifaki zinapaswa kukusanywa kutoka vinywani mwa mafundi hao wangali kazini. Huo nao ni ufa, na bado unazibika.