Mlima Mmoja, Majina Mawili

Mwaka 1879 mpelelezi Alexander Forrest alipita Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, akakuta safu ya milima. Wangarinyin na Wabunuba, wenyeji wa huko, walikuwa na majina yao ya milima hiyo tangu enzi na enzi. Forrest akaibandika jina la Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ati kwa sababu mfalme alipenda sana mambo ya upelelezi. Mwaka huohuo mpelelezi Stanley alikuwa njiani kwenda mto Kongo kwa kazi ya mfalme huyohuyo, na mapenzi hayo yaliwafikisha wapi Wakongo, wao wanajua.

Huko Kongo, mji wa Léopoldville, uliobeba jina la mfalme, uligeuka Kinshasa mwaka 1966. Milima ya Kimberley ilingoja hadi Julai 2020, serikali ya jimbo la Western Australia ilipoipa jina la Wunaamin Miliwundi: la kwanza la Wangarinyin, la pili la Wabunuba. Leopold hakuachiwa hata nusu ya kibao.

Kwingi Australia dawa iliyozoeleka ni ya suluhu: jina la Waaborijini na la Kizungu hukaa pamoja, mkwaju (/) katikati. Ugomvi huhamia kwenye swali la nani atangulie.

Jiwe jekundu la katikati ya bara ndilo mfano unaojulikana zaidi. Mwaka 1873 William Gosse aliliita Ayers Rock, kwa heshima ya Henry Ayers, mwanasiasa wa Adelaide. Waanangu, wenyeji wa hapo, walirudishiwa hati ya ardhi yao mwaka 1985, lakini papo hapo wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iendelee kuwa hifadhi. Mwaka 1993 likaandikwa rasmi Ayers Rock / Uluru. Mwaka 2002 majina yakapinduliwa, Uluru likawa mbele. Na walioomba yapinduliwe? Chama cha watu wa utalii wa Alice Springs. Biashara nayo ina masikio. Hata hivyo, uwanja wa ndege wa hapo bado unaitwa Ayers Rock.

Tasmania kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana lugha za wenyeji zilivunjwavunjwa pamoja na wasemaji wake. Waaborijini wa kisiwa hicho wameunda upya lugha moja, palawa kani, kwa kuokoteza maneno kwenye orodha za wageni waliokuwa wakiandika walichosikia, kila mmoja kwa tahajia yake. Mlima ulio juu ya mji wa Hobart, wenye mita 1,271, tangu 2013 ni kunanyi / Mount Wellington. Herufi ndogo ya mwanzo si kosa la mpiga chapa: palawa kani haina herufi kubwa.

Lakini mkwaju haufai kila mahali. Kisiwa cha mchanga kikubwa kuliko vyote duniani, kilichopo Queensland, kiliitwa Fraser kwa ajili ya Eliza Fraser, aliyenusurika meli ilipozama mwaka 1836 kisha akasimulia kwamba Wabutchulla, wenyeji wa kisiwa hicho, walimtesa. Masimulizi yake yaliwachafulia jina kwa vizazi. Kuliweka jina lao ubavuni mwa la mama huyo kungekuwa kejeli, nao waliomba K'gari lisimame peke yake (K haitamkwi, Mswahili atasikia “gari”). Juni 2023 serikali ya Queensland ikaliondoa rasmi jina la Fraser.