TUTAMUFARIJI NAMNA GANI MWENZETU ALIYEFIWA?



Mara kwa mara mwanafunzi anaitwa inje katikati ya somo. Anarudi kuchukua kaye zake, haangalii mtu, anaenda. Sisi wote tunafahamu: kuko kilio kwao. Kisha wiki moja ao mbili anarudi darasani, na sisi tunaogopa kumukaribia. Tunajiuliza, "Nitamuambia nini?" Basi tunanyamaza. Naye anafikiri tumemusahau. Ndiyo sababu ya maneno haya machache.

1. Matanga ni ya nini?

Kwetu, mtu akikufa, jamaa yake haibaki peke yake. Jirani wanakuja, moto unawashwa inje, watu wanalala pale. Wamama wanaleta maharagi, unga wa muhogo, kuni na maji. Vijana wanachimba kaburi. Korali inaimba usiku. Kuko muchango pia, na mtu mmoja anaandika majina na feza. Wengine wanasema ni desturi ya kula tu. Hapana. Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kupika, wala ya kufikiri nani atachota maji. Wengine wanamubebea kazi ili yeye apate nafasi ya kulia. Hiyo ndiyo faraja ya kwanza, na haina maneno.

Hata rafiki za Ayubu walianza vizuri: walikaa naye chini siku 7, muchana na usiku, bila kusema neno. Waliharibu walipofungua kinywa na kumutafutia kosa.

2. Tuseme nini, tuache nini?

"Pole sana" inatosha. Kwa mama wa rafiki yako unaweza kusema: "Mama, pole. Mimi ninasoma pamoja na mtoto wako, nimekuja kukaa na nyinyi." Kisha ukae kweli. Usiulize nani alimuroga marehemu. Neno hilo limevunja jamaa nyingi pembeni ya kaburi. Usimuambie kijana, "Usilie, wewe ni mwanaume." Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro. Tena usiogope kutaja jina la marehemu. Unafikiri utaamsha kilio, kumbe kilio hakijalala. Anayefiwa anafurahi kusikia kwamba mtu mwingine anamukumbuka papa yake.

3. Mafundisho ya wakati wa Ebola

Kutoka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, Ebola ilisumbua sana Beni, Butembo na vijiji vingi vya jimbo letu. Watu 3.470 walipatwa, na 2.287 walikufa. Maiti ya mtu wa Ebola ina virusi vingi sana. Kuiosha ao kuishika kulipeleka ugonjwa kwa wanaolia. Kwa hiyo mazishi yalifanywa na watu wa Msalaba Mwekundu na wenzao, wamevaa nguo za kujikinga. Jamaa nyingi zilikataa, hata kuwatupia mawe. Si ujinga tu: mtoto asiyeruhusiwa kumuosha mama yake anajiona kama amemutupa. Pale timu ilipokubali kungojea, kueleza, na kuacha jamaa waombe na waimbe wakisimama mbali kidogo, mambo yalikwenda vizuri zaidi. Tulijifunza hivi: kushika maiti kunaweza kukatazwa, lakini heshima haikatazwi na ugonjwa wowote.

4. Wasio na kaburi karibu

Mwisho wa Juni 2024 vita iliingia Kanyabayonga, na watu wengi sana walikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Kuko waliozika haraka njiani. Kuko waliopata habari ya kifo kwa telefone tu. Kuko walioacha makaburi ya wazee bila mtu wa kuyalimia majani. Hawa nao wana haki ya matanga. Kama mwenzako ni mmoja wao, kaeni pamoja naye siku moja, aeleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Umusaidie kuandika katika kaye jina lake, mwaka wa kuzaliwa, kazi yake, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Wazee wakisha kwenda, karatasi itawaambia watoto.

5. Kisha matanga kwisha

Hapa ndipo tunakosa wengi. Siku ya mazishi uwanja unajaa. Mwezi wa tatu hakuna mtu. Na ni wakati ule ndipo minerivali inakosa na usiku unakuwa murefu.

Mimi nilifiwa na papa nilipokuwa mwaka wa tatu. Niliporudi, darasa lote lilininyamazia. Mmoja tu alikuja na kaye: alikuwa amenikopia masomo ya wiki mbili, hesabu na jiografia, kwa mkono wake, hata makarte alinichorea. Akasema, "Chukua, tunafanya mutihani Ijumaa." Hakusema neno lingine. Maneno ya matanga nimeyasahau yote, lakini ile kaye ninayo hata leo.

Basi wandugu, kama wiki hii mwenzetu anarudi kutoka kwa kilio, usimupite pembeni. Kaa naye kwenye banki yake, na uanze kumukopia masomo.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita