SIKI NZIMA NA SIKI MBOVU

Mzee mmoja wa Kilifi, jirani yangu, aliniletea kutoka kwao chupa mbili za siki ya tembo la mnazi. Baada ya miezi kadhaa nilifungua moja, nikaona ndani yake kitu kizito chenye kuteleza, mfano wa kipande cha ngozi nyeupe, kikielea juu. Sikungoja kuuliza, niliimwaga yote shimoni. Mzee alipopata habari alisikitika, akasema, "Mwanangu, umemwaga mbegu."

Naam, kitu kile si uchafu. Ni utando unaofanywa na vijidudu vile vile vigeuzavyo tembo kuwa siki, na wengine huuita mama wa siki, kwa kuwa ukitiwa katika tembo jingine huzaa siki mpya. Mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, aliieleza kazi ya vijidudu hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1868. Asiyependa kuutazama na aichuje siki yake kwa kitambaa safi. Hata siki kuwa na ukungu kama maji ya mchele, au masimbi chini ya chupa, si dalili ya ubovu.

Adui wa siki ni hewa. Vijidudu hivyo vikiisha kula kileo chote, na hewa ikazidi kuingia, huanza kuila ile asidi yenyewe. Ndipo siki hupoteza ukali wake, ikawa kama maji, na kuvu lenye manyoya, jeusi au la kijani, likaota juu yake. Ukiona kuvu hilo, au ukinusa harufu ya uozo mahali pa ule ukali uchomao pua, hiyo mwage bila huruma.

Basi siki ikiwa tayari, ichujwe, ijazwe katika chupa ya kioo mpaka shingoni, izibwe barabara, na kuwekwa mbali na jua na jiko. Ndoo za mabati na vyombo vya shaba havifai kabisa, maana asidi huila madini, na mlaji huweza kutapika vibaya. Siki ya dukani iliyozibwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Siki ya nyumbani, hata iwe nzima, nguvu yake haijulikani. Achari ya kuwekwa akiba yataka siki yenye asidi sehemu 5 katika 100, kama ilivyoandikwa kwenye chupa za dukani, wala isiongezwe maji kupita kipimo cha mapishi. Katika siki dhaifu huweza kuota vijidudu vyenye sumu ya kuua, isiyobadili harufu wala ladha. Siki ya mnazi na itumiwe katika kachumbari ya kuliwa siku ile ile.

Chupa ya pili ya yule mzee ningali nayo kabatini, na utando wake ndani. Huiteremsha kila tupatapo samaki wa kukaanga.